Mbegu Zilizozama

Kila nilipotoka shule nilivua sare, nikala harakaharaka, kisha nikaenda kwa shangazi. Katika chumba chake cha nyuma tulitengeneza mikufu kwa mbegu kubwa za kahawia, ngumu kama jiwe. Mmea wake hutambaa msituni na kuparamia miti mirefu, na ganda lake moja hunizidi kimo. Likikauka hukatika vipande vipande, mto ukachukua mbegu hadi baharini, na mawimbi yakazitupa ufukweni. Mimi niliziokota na kuzisugua kwa msasa. Binamu yangu, mwanawe shangazi, tuliyemwita Domo kwa maneno yake mengi, alizitoboa.

Sharti la shangazi lilikuwa moja: tusitumie mbegu ambayo maji hayajaileta yenyewe.

Siku moja mwenye duka aliyenunua mikufu yetu aliirudisha. Mbegu zilikuwa zimenywea, zimepasuka na kunuka. Shangazi alinigeukia mbele ya yule mgeni. Alisema uvivu umenishinda, nimechuma maganda mabichi badala ya kutembea ufukweni, na nisiguse kazi yake tena.

Nilimwambia kila mbegu nimeiokota mchangani. Hakunisikiliza. Nikamtazama Domo. Siku hiyo maneno yalimwishia. Aliendelea tu kutoboa mbegu yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hasira ilinipanda hadi masikio yakawaka. Nilimwomba Mungu anizuie nisimtukane mtu, kisha nikajaza beseni maji bila kuomba ruhusa. Nikamimina mbegu za mfuko wangu ambazo hazijatobolewa. Zote zikaelea. Nikamimina za kopo la Domo, nazo hazijatobolewa bado. Zikazama kama kokoto.

"Shangazi," nikasema, "mbegu iliyosafiri baharini inazamaje kwenye beseni?"

Domo alianza kulia. Alikiri kwamba alitaka kumaliza kazi mapema akacheze mpira, akakata maganda mabichi, ambayo mbegu zake ni laini kutoboa, na kuzianika juu ya bati.

Shangazi aliketi. Alimwamuru Domo atengeneze mikufu mingine kwa mbegu za ufukweni, tena aziokote mwenyewe. Kisha akaniomba msamaha. Nilimwitikia, lakini moyo haukutulia, maana aliyesikia nikiitwa mvivu alikwisha kwenda zake.

Nadhani aliliona hilo usoni mwangu. Alijifunga khanga, akanishika mkono, tukaenda naye Domo hadi dukani. Wateja walikuwa wamejaa.

"Nilimwita mtoto huyu mvivu mbele yako," shangazi alimwambia mwenye duka, kwa sauti ileile aliyonikemea nayo. "Nilikosea. Aliyekata maganda mabichi ni huyu wangu."

Domo aliinamisha kichwa. Shangazi akatugeukia sote wawili.

"Mwanangu, ukinyamaza mwenzako akabeba kosa lako, umesema uongo bila kufungua mdomo. Na mimi niliyehukumu kabla ya kuuliza, nimemdhulumu vilevile. Jina la mtu ukilichafua hadharani, nenda ukalisafishe hapohapo hadharani."

Hapo ndipo nilipoweza kuinua uso.