Boza Moja

Kabla ya kwenda shule, Awero alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu mwingine: kubana magazeti kwenye kamba. Baba yake, Mzee Lamidi, aliuza magazeti kando ya stendi ya mji wa Ikire, mahali ambapo ndizi huanza kukaangwa kabla jua halijapanda vizuri. Awero alipokuwa akibana kurasa za mbele kwa vibanio vya nguo, wasomaji wa bure walikuwa wamekwisha kujipanga. Hao hawanunui gazeti. Husimama mikono nyuma, wakasoma vichwa vya habari, kisha wakaanza kubishana kuhusu serikali.

"Nyinyi macho yanafanya kazi, mifuko imelala," Mzee Lamidi aliwatania.

"Lamidi, tukinunua tukaenda kusomea nyumbani, tutabishana na nani? Na wake zetu? Hatuwawezi!" alijibu Baba Gbadebo, fundi viatu wa pale jirani.

Mzee Lamidi mwenyewe alikuwa na tabia yake. Kila gazeti alilianzia ukurasa wa pili, pale chini kabisa, kwenye kikona ambacho gazeti hukiri makosa yake ya jana. Awero aliona ni mambo ya wazee tu.

Awero alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kila Ijumaa yeye ndiye aliyesoma habari mstarini kwa niaba ya Klabu ya Wanahabari ya shule yao. Alitaka kuwa mwandishi, si siku moja huko mbele, bali sasa hivi. Mpaka wiki ile habari zake zilikuwa za mpira na za madaftari yaliyopotea.

Jumatatu ya wiki hiyo Chifu Oyerogba alikuja kuzindua kisima alichoichimbia shule. Palikuwa na hema, ngoma, na kina mama waliovaa kitambaa cha aina moja. Palikuwa pia na bango lenye sura ya Chifu, nalo lilikuwa kubwa kuliko tangi la maji lenyewe. Chifu alifungua bomba, maji yakabubujika, picha zikapigwa. Jumatano bomba likatoa upepo. Alhamisi hata upepo ulikwisha. Wanafunzi wakarudi kubeba madumu kutoka nyumbani, na waliosahau wakanywa maji ya kijito nyuma ya shule. Wawili wa darasa la Awero walikuwa wamelala kwa kuhara.

Awero hakushangaa. Jumatatu ile alikuwa na zamu ya kufagia, akafika mapema, akaliona boza, lori la kubebea maji, limeegeshwa kando ya tangi, mpira wake umepandishwa hadi juu.

"Mimi nilisikia na jingine likitoka," alisema Sunkanmi, mwenzake wa klabu, walipokuwa wakiandika habari. "Andika mawili. Moja halitoshi hata kuogesha mbuzi."

"Una hakika?"

"Awero, kwani mimi kiziwi?"

Akaandika mawili. Kusema kweli, mawili yalinoga zaidi.

Ijumaa akasimama mbele ya shule nzima, akasoma: "Kisima kilichozinduliwa Jumatatu hakina maji. Maji tuliyoyaona yaliletwa asubuhi na maboza mawili." Wanafunzi walilipuka kwa kelele. Walimu wakatazama viatu vyao.

Jumatatu iliyofuata aliitwa ofisini. Mkuu wa shule, Bi Olujobi, alikuwa mwanamke mfupi ambaye hakuhitaji kupaza sauti. Juu ya meza aliweka daftari la getini, ambamo mlinzi aliandika kila gari linaloingia.

"Nionyeshe hayo maboza mawili."

Awero akapitisha kidole kwenye mistari ya Jumatatu ile. Boza moja, tena moja tu. Sunkanmi alipoitwa, alijikuna kisogo. "Mimi nilisikia mngurumo tu, Mama."

Awero alitamani ardhi impasukie. Bi Olujobi akamsukumia karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Ilisema: *Habari niliyosoma ilikuwa ya uongo. Kisima chetu ni kizima. Naomba radhi.*

"Chifu ameahidi kutuezekea madarasa manne, nawe unamdhalilisha. Ijumaa utaisoma hii. Usipoisoma, klabu naifunga, na kile kipaza sauti hutakigusa tena mpaka umalize shule."

"Lakini Mama, hata hili daftari linasema boza lilikuja."

"Aliyedanganya kwenye maboza amedanganya kote. Toka."

Habari ilimtangulia uwanjani. "Maboza Mawili!" walimwita wavulana. "Leo umeona mangapi? Kumi?"

Alipofika kwenye meza ya magazeti mchana ule, Awero alikuwa analia kwa hasira. "Sisomi kitu! Sitaomba radhi kwa mtu! Na waifunge hiyo klabu yao!"

Mzee Lamidi alimsubiri amalize. "Maboza yalikuwa mangapi?"

"Moja."

"Wewe ulisema mangapi?"

"Mawili, lakini Sunkanmi ndiye…"

"Kwenye kipaza sauti alikuwa Sunkanmi au wewe?"

Baba yake akachomoa gazeti, akalifungua ukurasa wa pili, akaweka kidole pale chini. Gazeti lilikiri kwamba jana lilikosea umri wa bibi mmoja wa Ilesa.

"Unajua kwa nini naanzia hapa? Gazeti lisiloona haya kusema limekosea hapa, nikilisoma kwingine nina moyo wa kuliamini."

"Na lile ambalo halikosei kamwe?" aliuliza Baba Gbadebo, ambaye masikio yake hayakuwahi kuwa kwenye viatu peke yake.

"Hilo tunafungia bagia za akara."

Hata Awero alicheka, machozi yakiwa bado mashavuni. "Kwa hiyo nisome ile karatasi, Baba?"

"Inasema kisima ni kizima. Je, ni kizima?"

"Hapana!"

"Basi huo ni uongo mwingine, na mimi sikuzaa kasuku. Kosa lako liombee radhi, tena waziwazi. Kosa la mtu mwingine usilibebe."

Kuanzia kesho yake Awero akafanya kazi ambayo alipaswa kuifanya tangu mwanzo. Alimwomba mlinzi daftari, akanakili saa za boza kuingia na kutoka. Asubuhi na mchana alifungua bomba la kisima, akaandika alichokiona. Wavulana walimzomea, yeye akaandika.

Ijumaa ikafika. Bi Olujobi alimkabidhi ile karatasi mbele ya mstari. Awero alipiga magoti kumwamkia kama adabu inavyotaka, kisha akasimama wima, akaikunja karatasi mara nne na kuitia mfukoni.

"Samahani, Mama. Nimeandika ya kwangu."

Akasogea kwenye kipaza sauti.

"Ijumaa iliyopita nilisema maji yaliletwa na maboza mawili. Nilikosea. Sikuyahesabu mwenyewe, niliongeza ili habari inoge. Namwomba radhi Chifu Oyerogba, namwomba radhi Mama Mkuu, nanyi nyote." Akavuta pumzi. "Boza lilikuwa moja. Liliingia getini saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, likatoka saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Daftari la getini ndilo linalosema hivyo."

Kicheko kilianzia kidato cha mwisho, kikaenea mpaka kwa wadogo wa mbele.

"Tangu Jumanne nimefungua bomba la kisima mara saba. Halijatoa hata tone. Hilo silisahihishi, kwa sababu si kosa."

"Zima hicho chombo!" alisema Bi Olujobi.

Swichi ya kipaza sauti ilikuwa kazi ya Sunkanmi. Alimtazama mkuu, akamtazama Awero, kisha akaweka mikono yake nyuma. "Mama, na mimi nilikosea. Boza la pili nililitunga mimi. Lakini la kwanza lilikuwepo."

"Bomba liko pale," alisema Awero. "Anayesema nimedanganya, akalifungue."

Hakuna aliyecheka tena. Bi Olujobi akaanza kutembea kuelekea kisimani, visigino vyake vikigonga saruji, watoto mia tano wakimtazama mgongoni. Alizungusha bomba. Akalizungusha mpaka mwisho. Mjusi aliyekuwa akiota jua juu ya bango la Chifu alitikisa kichwa, na hicho ndicho kitu pekee kilichosogea pale.

Aliporudi, alimwomba Awero kipaza sauti. Alimwomba, hakumnyang'anya.

"Mimi nilijua tangu Jumatano ile," alisema. "Nilinyamaza kwa sababu ya mabati ya madarasa. Huyu mtoto alipokosea jambo dogo, nilifurahi, nikataka nijifunike kwa kosa lake. Yeye amelitaja lake mbele yenu. Basi na mimi nalitaja langu. Klabu haifungwi. Leo namwandikia Chifu, na barua hiyo itasomwa hapa."

Chifu alikuja kwa hasira, safari hii bila ngoma, akapiga kelele ofisini, kisha akapelekwa kisimani na kuonyeshwa. Siku chache baadaye mashine ya kuchimbia ilirudi. Ilionekana kwamba shimo la kwanza halikufika hata nusu ya kina kilichotakiwa. Chifu alidai fundi ndiye aliyemdanganya. Awero aliandika hivyo hivyo, kwamba Chifu *anadai*, maana yeye hakuwepo Chifu na fundi walipoelewana.

Wiki ya tatu maji yakatoka, yakaendelea kutoka kesho yake na kesho kutwa. Awero alisubiri siku tano nzima ndipo akaandika kwamba kisima kina maji. Mabati ya madarasa hayakuja mwaka ule, na hilo pia alilisoma mstarini.

Habari ya kisima aliiandika kwa mkono kwenye karatasi safi, na baba yake akaibana kwenye kamba, katikati ya magazeti makubwa ya Lagos na Ibadan. Wasomaji wa bure wakaizunguka.

"Nataka uelewe kitu kimoja, mwanangu," alisema Mzee Lamidi. "Hawakukuamini kwa sababu una sauti kubwa. Walikuamini siku uliposema umekosea, kwa hiyo waliposikia neno lililofuata hawakuwa na pa kukukamatia. Ukiwa mwandishi, hesabu mwenyewe. Ukikosea, sema mwenyewe. Halafu usirudi nyuma hata hatua moja."

"Nimesikia, Baba."

Baba Gbadebo aliinama kusoma jina lililoandikwa chini ya habari, kwa herufi kubwa, palepale ambapo waandishi wakubwa huweka majina yao.

"Hapa pameandikwa 'Boza Moja'. Huyu Boza Moja ndiye nani?"

"Mimi," alisema Awero, akachukua mkoba wake, akaenda shule.