Cheti cha Chausiku

Bibi yangu Hamisa alinisimulia haya mwaka nilioacha shule, tukipukuchua mahindi. Chausiku alikuwa mama yake mzazi.

Enzi za Mjerumani hizo. Baraza limekaa Handeni. Chausiku wa Kwaluguru kasimama mbele ya bwana shauri, Mjerumani mwenye uwezo wa kutengua neno la akida. Anataka cheti cha kuhamia Korogwe, kwa mumewe Hiza, mkata mkonge. Akida Sadala, mtu wa Pwani, amemnyima.

— Kwa nini umemnyima? bwana shauri akauliza.

— Hana mume, bwana. Huyo kijana hakutoa hata mbuzi. Kalima tu shamba la mama mtu, misimu miwili.

— Kwetu kule kulima ndiyo mahari, Chausiku akadakia. — Wewe akida jembe unalijua?

Watu wakacheka. Hiza, aliyetembea siku mbili kuja, akamnong'oneza:

— Taratibu, mke wangu. Wakikataa leo narudi peke yangu, na mkataba bado mrefu.

— Uliuoa ulimi huu huu.

Mama yake Chausiku, Amne, akaitwa atoe ushahidi.

— Mama, mkweo yupi hapa? Mtaje jina, bwana shauri akamwambia.

Amne akajifunika kaniki uso mzima.

— Umeona, bwana! akida akapiga makofi. — Hamjui!

Chausiku akamgeukia bwana shauri.

— Bwana, kwetu mama hamtazami mkwewe, wala jina lake halitaji. Ni mwiko.

Mjerumani akaweka kalamu chini, akainama mbele kama mtu aliyeona mdudu asiyemfahamu.

— Hata hapa barazani? Hiza, kamsalimie huyo mama.

— Siwezi, bwana.

— Nimeamuru!

Hiza akapiga hatua moja. Amne kusikia nyayo tu, akakurupuka, akampiga kikumbo askari, akatokomea nyuma ya jengo. Hiza naye mbio, upande mwingine. Baraza likaangua kicheko.

— Akida, wewe mama huyo amekukimbia?

— Hapana, bwana.

— Nawe ungemkimbia?

— Nimkimbie kwa nini, bwana? Mimi si mkwe wake.

— Karani, andika cheti.

Chausiku akamfuata mama yake.

— Mama, nimepewa!

— Na yule?

— Yule nani, mama?

— Nitokee hapa! Unataka nimtaje?

Siku ya pili ya safari, adhuhuri, Chausiku na Hiza wakafika Korogwe. Hiza akamsongea mkewe ugali. Chausiku akauliza kama mkonge unachoma sana, akauliza kama Wazungu nao hulala mchana. Jibu la pili hakulisikia, usingizi ulishamchukua. Hiza akala peke yake, akamfunika vizuri, akajilaza pembeni, akalala.