Kiberiti cha Kipimo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Teodora alichota ndoo mbili za maji ziwani, akafagia uwanja, kisha akakaa na wazazi wake kwa sala fupi. Waliishi Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Teodora alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Mwaka ule wa 1995, sala ya asubuhi ilikuwa na ombi moja ambalo baba hakulisahau hata siku moja.

"Ee Mungu, tusaidie tupate karatasi za pikapu. Amina."

Baba yake, Masalu, alikuwa dereva wa kiwanda cha pamba kwa miaka kumi na minane. Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi, alipewa kiinua mgongo, akanunua pikapu kuukuu. Fundi alijenga kibanda cha bati nyuma yake. Upande mmoja aliacha dirisha pana la kuuzia, na ndani aliweka meko mawili ya mkaa na pipa la maji lenye koki. Mama Teodora, aliyeitwa Wilhelmina, angepika ugali, sato na maharage. Siku za mechi wangeegesha karibu na uwanja wa mpira. Teodora aliahidiwa kusimama dirishani na kuwapa wateja sahani.

Watu wengi hawakufurahia jambo hilo. Aliyechukia zaidi alikuwa Malimi, mama lishe mwenye banda la makuti kando ya barabara ya uwanjani.

"Mwanawane, mimi nakaa na moshi wangu hapa miaka saba," alimwambia Mama Teodora mbele ya wateja. "Wewe unakuja na hoteli yenye miguu! Ukishawaharibu watu matumbo, utawasha gari ukimbilie Sengerema."

Wateja walicheka.

Ofisini nako mambo hayakuwa mepesi. Karani wa leseni za biashara aliitazama pikapu kupitia dirisha, akarudisha fomu. "Hilo ni gari. Nendeni kwa watu wa magari."

Watu wa magari walichungulia ndani ya kibanda, wakacheka. "Gari gani lina meko? Huu ni mgahawa. Rudini kwa watu wa biashara."

"Lakini si tumeambiwa siku hizi biashara ni ruksa?" baba aliuliza.

"Ruksa hiyo umeisikia redioni, mzee," karani akamjibu. "Hapa kwangu kuna karatasi."

Walizunguka hivyo kwa majuma matatu. Mama alishinda kwenye foleni tangu asubuhi mpaka ofisi zifungwe, mara nyingi bila kula. Mwishowe karani akaipokea fomu, ikabaki karatasi moja tu, cheti cha afya cha mpishi. Karani aliwapa siku ya mwisho. "Ijumaa saa sita mchana nalifunga faili la nafasi za uwanjani. Msipoleta cheti, nafasi yenu nampa mwingine. Wanaoitaka wako nje hapo, hesabuni wenyewe."

Picha ya kifua cha mama ilikuwa safi. Kilichobaki ni kipimo cha choo kikubwa. Jumatatu asubuhi mama alitakiwa kuwahi foleni ya karani kulipia ada, kwa hiyo aliweka kiasi kidogo cha choo hicho ndani ya kiberiti kitupu, kama zahanati zilivyokuwa zikiagiza siku zile. Akakifunga kwa karatasi, akaandika jina lake, akampa Teodora.

"Kipeleke maabara kabla ya kwenda shule. Usichelewe, usicheze njiani."

"Sawa, mama."

Mama aliinuka, ghafla akashika tumbo, akainama. Lilikuwa likimuuma tangu juma lililopita. Malimi alikuwa akipita na kapu lake la dagaa, akamwona.

"Tumbo hilo!" alisema kwa sauti ya kusikika nyumba tatu. "Bwana afya atalisoma kama gazeti. Hupati cheti wewe!"

Maneno hayo yalimwingia Teodora. Njia nzima aliyawaza. Ikiwa tumbo la mama lina ugonjwa, kiberiti hiki kitasema. Cheti hakitapatikana, pikapu itaoza uani, na Malimi atacheka mpaka Krismasi. Yeye mwenyewe alikuwa mzima. Alikimbia, aliruka kamba, hakuugua tangu mwaka uliopita. Alipita shule yake, iliyokuwa njia hiyo hiyo, akaingia chooni, akatupa kilichokuwa ndani ya kiberiti, akaweka cha kwake. Akafunga tena karatasi yenye jina la mama.

Kabla ya kutoka alifumba macho akaomba, "Mungu, fanya majibu yawe mazuri." Moyo wake haukutulia, lakini alikwenda.

"Shikamoo," alimwamkia dada wa maabara.

"Marahaba. Kipimo cha nani?"

"Cha mama."

"Cha mama kweli, au umeokota njiani?" dada alitania.

"Cha mama," Teodora alirudia, na masikio yakamwaka moto.

Jumanne mchana mama alikwenda kuchukua cheti, naye Teodora akamfuata baada ya shule. Bwana afya aliitwa Nurdin. Alikuwa mtu mwembamba mwenye koti jeupe, na hakuwa na desturi ya kutabasamu.

"Mama, una amiba," alisema. "Huwezi kumpikia mtu hata uji. Meza dawa hizi, urudi baada ya majuma mawili upimwe tena."

"Majuma mawili? Bwana afya, mwisho ni Ijumaa hii!"

"Amiba haijui Ijumaa. Anayefuata!"

Teodora alielewa mara moja. Amiba ile ilikuwa yake! Alitaka kusema, badala yake akamfuata mama nje.

Kabla ya jioni habari ilikuwa imefika kila mahali. Malimi aliisimulia bandani kwake huku akigawa wali. "Nilisema mimi! Hoteli ya amiba!" Watoto wa jirani walipopita mbele ya nyumba waliziba pua. Nyumbani baba aliitazama sahani yake ya ugali, akaisukuma mbali.

"Miaka yote hii umetulisha nini, Wilhelmina?"

"Mimi hunawa, Baba Teodora. Wewe mwenyewe unaniona."

"Kipimo hakisemi uongo!"

Mama aliichukua sahani ile. Tangu siku ile alitenga kikombe chake, sahani yake na kijiko chake kwenye pembe ya jiko, kama mtu wa zamani mwenye ukoma. Aliogopa kugusa unga. Jumatano ilipita hivyo, baba na mama wakisemeshana kwa mkato. Dawa zilikuwa bado juu ya kabati, kwa sababu mama alisubiri kwanza tumbo litulie.

Alhamisi jioni alizishusha, akamimina vidonge viwili kiganjani na kuchukua kikombe cha maji. Teodora alitazama mkono ule ukipanda kuelekea mdomoni.

"Mama, usimeze!"

"Una nini wewe?"

"Usimeze. Amiba si yako. Ni yangu. Nilibadilisha kiberiti."

Mama alibaki ameshika kikombe. Teodora alieleza yote, tangu maneno ya Malimi mpaka choo cha shule. Hakuna aliyemkumbatia. Baba alisimama ghafla hata kigoda kikaanguka.

"Siku tatu!" alifoka. "Siku tatu mama yako anatukanwa mtaa mzima, mimi nakataa chakula chake, na wewe umekaa kimya unatutazama?"

"Niliogopa, baba."

"Nenda kalale. Kesho utayasema hayo hayo mbele ya bwana afya, kwa mdomo wako."

Ijumaa saa mbili asubuhi walikuwa mlangoni pa ofisi ya afya. Teodora alisema mbele ya Bwana Nurdin, mbele ya dada wa maabara, na mbele ya watu wanne waliokuwa kwenye benchi. Mmoja wao aliguna. Bwana Nurdin alivua miwani yake.

"Kwa hiyo mmeigeuza ofisi yangu uwanja wa mchezo. Nitajuaje kwamba leo ndiyo mnasema kweli, na siku ile hamkusema? Pengine mtoto huyu mmemfundisha, maana leo ndiyo siku ya mwisho."

Mama alishusha pumzi. "Bwana afya, hatukuombi utuamini. Tupime upya, mimi na yeye. Mtu wako asimame mlangoni pa choo. Ukikuta ugonjwa kwangu, nitaondoka, na pikapu nitaiuza."

Bwana Nurdin akamwita dada wa maabara. "Wasimamie. Andika majina wewe mwenyewe."

Wakangoja. Saa ya ukutani ilifika nne, ikapita, ikawa nne na nusu. Teodora alijaribu kusali, akakuta hana la kuomba zaidi ya msamaha.

Saa tano na robo Bwana Nurdin alitoka na karatasi mbili. "Wilhelmina, choo chako ni safi. Hilo tumbo ni njaa ya foleni na mawazo. Kula kwa wakati. Teodora, una amiba. Maji unayokunywa mnayachemsha?"

"Ya nyumbani tunachemsha," Teodora alijibu kwa sauti ndogo. "Lakini nikichota ziwani huwa nakunywa kwa kiganja."

"Basi ndipo ulipoitoa."

Alipiga mhuri kwenye cheti, akampa mama. Baba alikipokea kutoka kwake kwa mikono miwili na kutoka mbio kwenda kwa karani kabla faili halijafungwa. Mama alipotaka kumfuata, Bwana Nurdin aliinua kidole.

"Mama, sijamaliza. Mtoto huyu hatagusa sahani wala kijiko cha pikapu yenu mpaka amalize dawa na mimi nimpime tena."

"Nimeelewa, bwana afya."

Kisha akamgeukia Teodora. Sauti yake ilikuwa ngumu, lakini hakupiga kelele.

"Mshukuru Mungu kwamba mgonjwa umekuwa wewe. Fikiri ingekuwa kinyume. Wewe mzima, mama yako mgonjwa. Kiberiti chako kingempatia cheti, naye angekaa na ugonjwa tumboni asiujue, akiwapikia mamia ya watu siku ya mechi. Ungewaua watu kwa kumpenda mama yako. Kipimo hatukukiweka ili kumwaibisha mtu. Tumekiweka ili ukweli ujulikane mapema, wakati dawa bado inasaidia. Anayeuficha ukweli kwa daktari anamwacha mgonjwa peke yake na ugonjwa wake. Umesikia?"

"Nimesikia, bwana afya. Nisamehe. Mama, nisamehe."

Mama alipokea dawa za mtoto, akaweka vidonge viwili kwenye kiganja cha binti yake, akaomba maji yaliyochemshwa kwa dada wa maabara, akamshikia kikombe.

"Meza," alisema. "Nimekusamehe. Meza vyote."