Brashi ya Bure

Picha ya ukutani ilichapwa wiki tatu nyuma, lakini mbunifu alipoipangusa vumbi mchana ule, kidole chake kilitoka na rangi mbichi.

Kazi yake ilikuwa kubuni mabango na nembo, na mtandaoni alikuwa kama kuku jalalani: herufi, michoro, rangi, chochote cha bure alidonoa na kuhifadhi. Ndiko alikookota ile brashi ya kompyuta, programu ndogo ya kuchorea. Aliyeiunda aliitoa kwa sharti moja, ambalo wabunifu wote hulijua na wengi hulipuuza: atajwe jina. Naye alipuuza. Nani aandike jina la mtu baki chini ya sura ya marehemu mwanawe?

Kidoti alifariki akiwa na miaka sita. Simu yenye picha zake iliibwa, ikabaki picha moja tu kwenye kompyuta, yenye ukungu. Brashi ilimrudisha mzima, pengo la jino na kile kidoti cha shavuni kilichompa jina la utani. Mbunifu, mama yake, alilia kwa furaha hata akasahau adabu ya kazi: akahifadhi picha mpya juu ya ile ya asili, ikaifuta.

"Mama Kidoti," mumewe alinong'ona jioni ya ile siku ya rangi mbichi, akiitazama picha, "jana si alikuwa anatazama dirishani?"

"Nyamaza, atasikia."

"Nani? Mtoto, au anayemchora?"

Tangu hapo kila alasiri, jua likiwaka na majirani wakicheka uani, brashi ilisikika ukutani ikikwaruza karatasi polepole, kama mtu asiye na haraka na kazi yake, na harufu ya rangi ikaingia hadi kwenye mito, na uso wa Kidoti ukazidi kugeuka na kurefuka, mpaka siku moja mama yake akaona pengo limezibwa na jino kubwa, jino ambalo mwanawe hakuishi kuliota.

Wakamwita mganga, mama mnene wa maneno machache. Akanusa fremu, akauliza brashi ilitoka wapi.

"Mla cha mwenziwe na chake huliwa," alisema kwa sauti ya chini. "Ukimtaja mwenye brashi, umekiri mtoto ni kazi yake. Hutaki, mrudishie alichochora."

"Nitabaki na nini?"

"Na chako."

Chake, ile picha ya asili, hakikuwepo, alikuwa amekifunika mwenyewe. Akaketi kwenye kompyuta, akafuta mstari mmoja mmoja, mumewe amemshika bega. Cha mwisho kilikuwa kidoti. Kompyuta ikabaki nyeupe, na karatasi ya ukutani nayo ikawa nyeupe. Harufu ikakatika. Mganga akasema jini mwenye brashi ameondoka, akaenda zake.

Mbunifu hakuitoa fremu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yeye sasa hata sura ilianza kumtoka akilini.

Siku ya nane, alasiri, akiwa peke yake sebuleni, alisikia brashi. Katikati ya weupe palikuwa na kidoti kimoja, kibichi.

"Subiri, mwanangu," alisema, akaenda kutafuta kalamu ya kuliandika lile jina.