Kiptum Alisema Sawa

Siku ya soko mjini Kitale, Nyaruai alikuwa amekwama katikati ya watu na gunia la viatu vya mitumba. Kijana mmoja alikuwa amemzibia njia. "Kaka, nipishe," alimwambia, akarudia, akapaza sauti, wapi. Mwishowe alimgusa bega. Kijana akageuka, shati limejaa unga wa mahindi, akatabasamu kana kwamba wanajuana, akalibeba gunia mpaka steji ya matatu.

"Unaitwa nani?"

"Kiptum. Wewe ni wa hapa?"

"Nauza viatu Bungoma. Lakini kwetu ni Ndalu."

Alipokuwa akiongea, Kiptum hakuondoa macho midomoni mwake. Nyaruai alivuta-vuta gauni lake la maua ya njano, akaona haya, akafurahi. Hakujua kwamba miaka ya kusimama kando ya mashine ya kusaga mahindi ilikuwa imekula masikio ya kijana huyo, na kwamba maneno aliyapata nusu kwa kusikia, nusu kwa kutazama.

Wakapendana. Kiptum hakumwambia. Kila jioni alirudi chumbani kwake Kitale amechoka, na si magunia yaliyomchosha, bali kukisia watu wamesema nini. Simu ndizo zilimmaliza kabisa, kwa kuwa simu haina midomo.

"Umekula, babe?"

"Sawa."

"Ati sawa? Si nimeuliza kama umekula?"

"Niko poa, mpenzi. Nimekumisi."

Nyaruai alicheka, akadhani anataniwa.

Jioni moja alimpigia akifunga kibanda chake, pikipiki zikinguruma nyuma. "Nimeongea na mama. Anataka kukuona Jumapili, Ndalu. Utakuja?"

"Sawa, mpenzi."

Jumapili hiyo mama yake Nyaruai alichinja kuku. Wajomba walikalia viti vya kuazima mpaka chakula kikapoa. Kule Kitale simu iliita, ikanyamaza, ikaita tena, Kiptum amelala fofofo kando yake. Mama akafunika sufuria. "Mwanangu, huyo hakutaki."

Nyaruai aliacha kupiga. Jumbe za Kiptum hakuzifungua. Basi Kiptum akaomba ruhusa kazini, akamfuata Bungoma.

"Umekuja kutafuta nini?" Nyaruai aliuliza, ameinamia viatu.

"Tafadhali, nitazame ukiongea."

"Sasa unaniamrisha?"

Kiptum alizunguka meza mpaka akauona uso wake. "Sisikii vizuri, Nyaruai. Kwa simu napata sauti yako tu, maneno hayafiki. Nasema sawa ndio usikate."

Nyaruai alikaa kwenye stuli. Alikuwa amejiandaa kugombana, na sasa alisikia uchovu tu. "Mama aliaibika mbele ya ndugu zake. Mbona hukuniambia?"

"Nyumbani wakichoka kunirudilia maneno, wanasema, 'Achana nayo, si kitu.' Niliogopa siku utakayosema hivyo."

"Na mimi nitachoka. Sikudanganyi." Alimwelekezea uso, akasema polepole bila kupiga kelele. "Lakini afadhali nichoke nikirudia. Usiniambie sawa kama hujasikia."

Machozi yalimtoka, akajifunika mdomo kwa kiganja, akasema jambo jingine. Lori lilikuwa linapita. Sawa ilimjia Kiptum ulimini. Akaimeza.

"Sijasikia," akasema.

Nyaruai aliondoa mkono, akamsogelea.

"Nimesema twende Ndalu sasa hivi, ukamwambie mama mwenyewe."