Hata Mtoto Anaweza

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta iliyokuwa karibu na dirisha. Baba yake alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake akimsubiri. Alifumba macho, akavuta pumzi, akaimba kipande cha wimbo kwa sauti ya chini, na Chiriku akaanza kubonyeza herufi.

Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake kwa sababu ya mdomo usiopumzika, nalo likamganda hata walimu wakalizoea. Mama yake alifariki Chiriku akiwa mdogo, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya watu watatu: yeye, Baba, na shangazi aliyeuza kwenye duka la dawa na kurudi jioni miguu ikimuuma.

Baba alikuwa mpuliza tarumbeta na mtunzi wa bendi ya mtaa. Nyimbo zake zote alizihifadhi kichwani, akawafundisha wenzake kwa kuwaimbia. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Kwanza ilimshinda kushika kikombe cha chai, halafu kufunga vifungo vya shati, na mwisho tarumbeta yenyewe. Daktari hakumficha. Ugonjwa ule ungezidi kumwandama, na huenda siku moja ungegusa sauti na kumbukumbu.

Ndipo alipotaka nyimbo ziandikwe kabla hazijapotea. Kuchora noti kwa kalamu hakuweza tena, na kuziburuta kwa kipanya kulihitaji mkono uliotulia. Mwalimu wa muziki wa shuleni kwa Chiriku akamfundisha binti huyo programu ya aina nyingine, ambamo muziki huandikwa kwa herufi tu. Do ni c, re ni d, mi ni e, zote herufi ndogo. Namba husema noti idumu kwa muda gani, na wimbo mzima hukaa ndani ya mabano. Ukimaliza, programu hukuchorea ukurasa safi wenye mistari mitano na noti zake. Maelezo yake yalikuwa kwa lugha ya kigeni, tena magumu, lakini Chiriku aliikamata upesi.

Mwaka huo Chiriku alipata nafasi katika shule ya bweni ya mbali. Baba alifurahi, kisha akawaza. Kidole kimoja bado kilimtii. Angeweza kubonyeza herufi mwenyewe, polepole, kama angepata wa kumwelekeza.

"Niandikie maelekezo," alimwambia binti yake. "Hatua kwa hatua, kana kwamba sijui lolote. Kisha mpe shangazi yako ayajaribu. Akiweza yeye, nami nitaweza."

Chiriku aliitikia, ila kila siku ilikuwa na shughuli zake. Mara alikwenda kuagana na marafiki, mara kujaribu sare mpya. Mchana wa mwisho, begi likiwa limeshafungwa, ndipo alipokaa akaandika haraka haraka: "Fungua programu. Andika noti zako. Weka mabano. Hifadhi kama kawaida, kisha chapisha. Ni rahisi sana, hata mtoto anaweza." Akayasoma, akayaona yamekaa vizuri. Yeye kila kitu alikijua, kwa hiyo hakuona kilichokosekana.

Baba alimuuliza kama shangazi alijaribu. Shangazi alikuwa kazini tangu asubuhi.

"Ndiyo, Baba," alisema Chiriku. "Ameweza bila shida."

Uongo ule ulitoka kwa wepesi, na kwa kuwa hakuna aliyeushtukia, aliusahau kabla gari halijaondoka.

Bweni halikuruhusu simu. Mara mojamoja mlezi wa wasichana aliwaazima yake, na kila Chiriku alipouliza habari za nyimbo, Baba alijibu kwamba zinakwenda. Sauti yake ilikuwa nyembamba kidogo, lakini Chiriku alisingizia mtandao.

Aliporudi likizo alikuta kompyuta imefunikwa kitambaa. Baba alikuwa kwenye kiti kilekile, amekonda, mikono ameikalia. Tarumbeta haikuwepo tena ukutani ilikozoea kutundikwa. Shangazi alimnong'oneza jikoni kwamba Baba aliitoa kwa bendi, akawaambia watafute mtunzi mwingine. Alipoulizwa sababu, alisema amechoka tu.

Chiriku alichuchumaa mbele ya baba yake. "Baba, nyimbo umezifikisha wapi?"

"Kichwa changu kimekwisha, mwanangu. Daktari aliniambia, nami sikutaka kuamini. Shangazi yako aliyasoma yale maelekezo akaweza, na hata wimbo kuimba hajui. Mimi nimekaa nayo wiki baada ya wiki, nimeshindwa. Wewe mwenyewe uliandika kwamba hata mtoto anaweza."

"Mbona hukumuuliza shangazi?"

"Nimuulize nini? Nimwambie kwamba nimekuwa mjinga?"

Chiriku aliinuka. Alifunua kompyuta, akaiwasha. Majaribio ya Baba yalikuwa mengi mno, yamepangana. Karibu katika yote alikuwa ameandika DO RE MI kwa herufi kubwa, kama alivyofundishwa utotoni, kwa sababu hakuna mahali palipomwambia aandike c d e. Mabano aliyaweka kila mahali isipokuwa panapotakiwa. Kila mara programu ilimjibu kwa mistari ya lugha ya kigeni, na kila mara mzee wa watu alianza upya. Katika majaribio ya mwishomwisho hakukuwa na noti. Aliandika tu: "Nimekosea wapi."

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema programu imeharibika, na Baba angeamini, kwa kuwa hakuwahi kumshuku. Alilipindua wazo hilo kichwani mchana kutwa. Lakini kila alipomtazama Baba, alimwona mtu aliyeaga akili zake mwenyewe kabla ya wakati.

Walipokaa kula, alisema yote: kwamba aliandika kwa pupa, kwamba aliruka hatua, kwamba shangazi hakuwahi hata kuyaona maelekezo hayo. Shangazi aliweka kijiko chini. Baba alisogeza sahani yake kando.

"Kwa hiyo kichwa changu kilikuwa kizima," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Baba. Nisamehe."

Baba aliinuka akishikilia meza, akaenda kukaa uani. Chiriku alitamani angegombezwa.

Kesho yake ilikuwa siku ya shangazi ya mapumziko. Alijivutia kiti mbele ya kompyuta, akachukua ile karatasi, akamwambia Chiriku akae nyuma yake na asifungue kinywa. Kwa msichana mwenye jina lile, hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko fimbo.

"Fungua programu," shangazi alisoma. "Iko wapi? Naona vipicha vingi hapa, kila kimoja kinanikodolea macho." Alihangaika, akaipata kwa kubahatisha. Aliendelea mpaka mstari wa nne, akageuka. "Hifadhi kama kawaida. Kawaida ya nani, mwanangu? Yangu ni kuhifadhi vidonge kabatini."

Chiriku hakucheka. Aliandika kila mahali shangazi alipokwama, na karatasi ikajaa. Akayaandika maelekezo upya. Akachora kipicha cha kubonyeza. Akaeleza kila noti na herufi yake, akaonyesha wimbo mfupi mzima ili msomaji aunakili na kuona unavyotokea. Aliongeza sehemu ya makosa: programu ikisema hivi, tazama mabano, ikisema vile, tazama herufi kubwa. Neno "rahisi" alilifuta. Shangazi akajaribu tena akakwama, wakarekebisha. Siku iliyofuata akakwama mahali pengine, wakarekebisha tena. Mwishowe shangazi alichapisha ukurasa bila kumgeukia.

Hapo ndipo Baba alipokubali kukaa. Aliomba aachwe peke yake, mlango ufungwe. Chiriku alisimama ukumbini akisikiliza kidole kimoja kikigonga kitufe, kikinyamaza, kikigonga tena. Muda ulikwenda. Kisha mashine ya kuchapisha ikanguruma.

Lakini miezi ile haikurudi. Sauti ya Baba ilikuwa imeshadhoofika, na nyimbo nyingi alizokuwa bado nazo kichwani wakati Chiriku anaondoka zilikuwa zimemtoroka. Alizitafuta kwa kuguna, akiinamisha kichwa kama anayesikiliza chumba cha pili. Kufikia mwisho wa likizo alikuwa ameandika wimbo mmoja tu, nao ulikuwa na pengo katikati.

Bendi ilikuja uani kuujaribu. Walipiga vizuri mwanzo wake, mpaka wapita njia wakasimama. Walipofika kwenye pengo, tarumbeta zikashuka midomoni, na kiongozi wa bendi akahesabu mapigo matupu kwa mkono. Hakuna aliyetazama mwenzake. Kisha wakadaka mwisho.

"Pale katikati palikuwaje, Baba?" Chiriku aliuliza wanabendi walipoondoka.

"Palikuwa pazuri. Zaidi ya hapo sijui."

Chiriku akaanza kulia. Baba aliweka mkono wake unaotetemeka juu ya kichwa chake.

"Nimeshakusamehe, na hilo sitalirudia," alisema. "Ila nisikilize. Ukiandika maelekezo, atakayeyasoma hatakuwa na wewe karibu akuulize. Akishindwa hatasema umekosea wewe. Atasema yeye ni mjinga, na ataondoka kimya kimya. Kwa hiyo usiandike usichokijaribu, wala usiseme kimejaribiwa kama hakikujaribiwa. Kazi ya haraka na neno moja la uongo vimemla mtu hapa, na mtu huyo ni mimi."

"Nimesikia, Baba."

"Sasa niwashie mashine. Kuna kipande kingine kidogo nakikumbuka. Nataka nikiwahi."

Chiriku aliiwasha, akamwekea maelekezo mapya mbele yake, akatoka akafunga mlango.