Pumzi za Luhende

Soko la Mkuyuni lilikuwa limefurika siku mkimbiaji mmoja wa miaka arobaini na saba, kaptula ya bluu, jasho hadi visiginoni, alipojikwaa kwenye beseni la nyanya za Paskazia.

"Kaka, unamkimbia nani?"

"Uzee."

"Basi umekukamata kwangu. Okota."

Luhende aliokota zote. Kesho yake akarudi, akitembea.

Miezi sita baadaye siku ya posa ilikuwa imepangwa. Alhamisi moja asubuhi Paskazia akampigia. Simu ilijipokea mfukoni mwa Luhende. Akasikia mwanamume wake akihema, halafu sauti laini ya mwanamke: "Taratibu, baba. Vuta. Usiachie. Haya, achia sasa."

Paskazia akakaa chini kwenye gunia la vitunguu.

Jioni akamuuliza, "Asubuhi ulikuwa wapi, mpenzi?"

"Mazoezini."

"Na nani?"

"Peke yangu, Pasi. Nani ataniweza?"

Wiki nzima hakulala vizuri. Alhamisi iliyofuata alivaa gauni jekundu la kubana, akapaka wanja, ili huyo mwanamke amwone vizuri. Akapanda kivuko nyuma ya Luhende, amejifunika khanga. Ng'ambo ya ziwa, kwenye gati la Kamanga, akachukua bodaboda. "Mfuate yule wa kaptula."

Pikipiki ilisimama kwenye zahanati ndogo. Paskazia akavuta pazia.

Luhende alikuwa kwenye benchi, mdomo umeziba chupa ya maji iliyotobolewa kitako, na kwenye tundu imechomekwa dawa ya kuvuta. Muuguzi alikuwa amemwekea mkono mgongoni.

"Kumbe ndiyo mazoezi," Paskazia alisema.

"Karibu, dada. Wewe ni nani yake?"

"Muulize mwenyewe."

Luhende alinyoosha kidole, asubiriwe. Alikuwa amebana pumzi, akihesabu hadi kumi. Ilipotimia akasema, "Mchumba wangu."

"Ni pumu," muuguzi alisema. "Imemshika ukubwani. Akikimbia mbali kifua kinabana, yeye akadhani ni umri."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwenu wangesema wanamwozesha binti yao kwa mgonjwa wa kifua. Mjini wananijua kwa miguu, Pasi. Nikavuka ziwa nisionekane."

"Na huyu anajua tangu lini?"

"Miezi mitatu."

"Miezi mitatu mwanamke mwingine anazijua pumzi zako, mimi naambiwa mazoezi." Wanja ulikuwa umeanza kumchuruzika. "Angekuwa hawara ningejua la kumfanya. Hili nilifanyeje?"

Luhende alitazama viatu vyake.

"Posa ipo palepale," Paskazia alisema. "Ila wazee utawaambia mwenyewe, kwa mdomo wako. Wakikataa, watanikataa na mimi." Akamgeukia muuguzi. "Dada, samahani. Nipishe hapo."

Muuguzi akaondoa mkono. Paskazia akaweka wake.

"Haya, vuta."

"Dawa nimeshamaliza, mpenzi."

"Vuta tu. Nisikie."

Akavuta. Kifua kikalia filimbi nyembamba, kama mlango unaofunguliwa polepole, na Paskazia akainamisha sikio hadi mgongoni kwake.

"Tena," alisema.